Ridhaa Haitolewi Chini ya Mjeledi: Historia ya Hukumu ya Kulazimishwa katika Akdi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila mwenye kuufuata uongofu wao mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Akdi yoyote, iwe ya kuuza nyumba, ya kukodisha shamba, ya ndoa au ya kujivua katika ndoa, huonekana kwa macho ya watu kuwa ni maneno tu. Huyu amesema "nimekuuzia", yule amejibu "nimekubali", mashahidi wamesikia, na mali imehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Lakini wanachuoni wetu tangu zama za mwanzo waliuliza swali moja zito: je, ni neno linalohamisha mali na kuhalalisha tupu, au ni ile ridhaa iliyo nyuma ya neno? Na ikiwa ni ridhaa, nini hukumu ya neno lililotolewa na mtu aliyewekewa upanga shingoni?

Swali hili si la darasani tu. Limepigiwa watu mijeledi, na linaamuliwa kila wiki katika misikiti na majumba yetu, pale imamu anapoitwa kuozesha, kuandika talaka au kugawa mirathi. Kwa hiyo tumeona ni vyema tulieleze kwa njia ya historia, ili wanafunzi wajue kauli za Maimamu zilitoka wapi, na wanaoongoza watu wajue amana waliyoibeba.

MSINGI WA RIDHAA

Msingi wa jambo hili umo katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, ambapo Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amewakataza waumini kuliana mali zao kwa batili, akatoa nje ya katazo hilo biashara inayotokana na kuridhiana. Mtume (s.a.w.) naye, katika Hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), ameifungamanisha sahihi ya biashara na kuridhiana kwa pande mbili.

Ama kulazimishwa, aya mashuhuri ni ya 106 katika Suratun-Nahl. Wafasiri wengi wameeleza kuwa iliteremka kwa sababu ya Ammar bin Yasir (r.a.), aliyeteswa na makafiri wa Makka mpaka akatamka waliyoyataka hali ya kuwa moyo wake umetulia juu ya imani. Mwenyezi Mungu akamtoa katika lawama. Wanachuoni wakajenga hoja hapo: ikiwa neno la ukafiri, ambalo ndilo neno kubwa kuliko yote, halimdhuru aliyelazimishwa, basi neno la kuuza au la kuacha mke ni dogo zaidi. Ikaongezwa na Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyomo katika Ibn Majah, kwamba Umma huu umeondolewa dhambi ya kukosea, ya kusahau na ya lile waliloshurutishwa kwa nguvu; na Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Abu Dawud, inayokataa talaka na kuacha huru mtumwa katika hali ya "ighlaq", neno ambalo wengi wamelifasiri kuwa ni kulazimishwa, yaani mtu kufungiwa mlango wa hiari yake.

Katika ndoa tunayo Hadithi ya Khansaa bint Khidaam (r.a.), mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza naye hataki. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Imam Bukhari ameitaja katika Kitabu cha Nikahi, kisha akairudia katika kitabu maalumu alichokiita Kitabu cha Ikrahi. Kwa kuipa maudhui hii kitabu kizima ndani ya Sahihi yake, aliwaonyesha wanafunzi kuwa kulazimishwa si tawi dogo la talaka peke yake, bali ni mlango unaopita katika ndoa, biashara, zawadi na viapo.

KISA CHA THABIT BIN AL-AHNAF

Miongoni mwa visa vilivyo wazi kabisa katika mlango huu ni kile alichokiandika Imam Malik katika al-Muwatta, katika Kitabu cha Talaka. Imam Malik amekipokea moja kwa moja kwa mwenyewe, Thabit bin al-Ahnaf.

Thabit alimwoa mjakazi aliyekuwa amemzalia mtoto Abdurrahman bin Zayd bin al-Khattab. Ndoa hiyo haikumpendeza Abdullah, mtoto wa Abdurrahman. Akamwita Thabit nyumbani kwake. Thabit alipoingia alikuta mijeledi imewekwa tayari, pingu mbili za chuma, na watumwa wawili wamekaa wakingoja amri. Akaambiwa amwache mkewe, la sivyo atafanywa hivi na hivi. Thabit akatamka kuwa amemwacha talaka elfu moja, akatoka.

Akamkuta Abdullah bin Umar (r.a.) njiani kuelekea Makka, akamweleza. Ibn Umar alighadhibika, akamwambia kuwa hiyo si talaka, mkewe hajawa haramu kwake, na arudi kwake. Lakini nafsi ya Thabit haikutulia. Akaendelea mpaka Makka kwa Abdullah bin Zubeir (r.a.), ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa amiri. Naye akampa jibu lile lile, kisha akafanya zaidi: akamwandikia gavana wake wa Madina, Jabir bin al-Aswad, amtie adabu yule aliyelazimisha na amwachie Thabit mkewe. Thabit aliporudi Madina, Safiyya, mke wa Ibn Umar, ndiye aliyemtengeneza bibi yule na kumpeleka kwa mumewe, Ibn Umar akijua. Na Thabit alipofanya karamu ya harusi, alimwalika Ibn Umar, naye akahudhuria.

Ndugu msomaji, zingatia mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, aliyelazimisha alikuwa mjukuu wa Zayd bin al-Khattab, ndugu yake Sayyidna Umar (r.a.). Kwa hiyo Ibn Umar alitoa fatwa dhidi ya mtu wa ukoo wake mwenyewe. La pili, Ibn Zubeir hakutosheka na kusema kuwa talaka haikupita. Alitumia mamlaka yake kumwadhibu mkosaji, kwa kuwa fatwa bila ya nguvu ya kuitekeleza ingemwacha Thabit akiogopa pingu zile zile. La tatu, Ibn Umar alikwenda karamuni. Mtu mnyonge aliyevunjiwa heshima alihitaji watu waone kuwa ndoa yake ni halali, na Sahaba mkubwa alilithibitisha hilo kwa kuhudhuria mbele yao.

MIJELEDI YA MADINA

Mwaka 145 Hijria, sawa na mwaka 762, Muhammad bin Abdullah, aliyejulikana kwa lakabu ya an-Nafsuz-Zakiyya, mjukuu wa kizazi cha Sayyidna Hassan (r.a.), alisimama Madina dhidi ya Khalifa Abu Jaafar al-Mansur wa Bani Abbas. Watu wa Madina wengi waliingiwa na wasiwasi, kwani shingoni mwao mlikuwa na baia ya al-Mansur. Baia za zama hizo hazikuwa za kupeana mikono tu. Tangu enzi ya al-Hajjaj bin Yusuf zilifungwa kwa viapo vizito: kwamba mtu akivunja baia, wake zake wameachika, watumwa wake wako huru na mali yake ni sadaka. Kwa njia hiyo mtawala aliingia mpaka chumbani mwa mtu, akaifanya ndoa yake kuwa rehani ya siasa.

Ametaja at-Tabari katika Tarikh yake kwamba watu walimwendea Imam Malik wakamwuliza. Akawajibu kwamba baia ile waliitoa kwa kulazimishwa, na aliyelazimishwa hana kiapo. Watu wakaharakia kumfuata Muhammad, na Malik mwenyewe akabaki nyumbani kwake. Muhammad aliuawa mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule ule, na Madina ikarudi chini ya Bani Abbas.

Baadaye Jaafar bin Sulayman, wa ukoo wa Abbas, akawa gavana wa Madina. Ikamfikia habari kuwa Malik haoni viapo vya baia kuwa ni kitu, kwa sababu anaipokea ile riwaya kwamba talaka ya aliyelazimishwa haipiti. Akaamuru aletwe, avuliwe nguo na apigwe mijeledi. Riwaya zimetofautiana katika idadi, kutoka thelathini mpaka mia moja. Lakini zinaeleza kuwa mikono yake ilivutwa mpaka bega likateguka. Wanahistoria wameandika kuwa baada ya kipigo kile heshima ya Malik ilizidi mbele ya watu, kana kwamba mijeledi ile ilikuwa mapambo aliyovishwa. Imepokewa pia kuwa alimsamehe Jaafar kwa ajili ya ukaribu wake na Mtume (s.a.w.).

Hapa ndipo panapofahamika kwa nini suala la talaka ya mlazimishwa lilipewa uzito kiasi kile. Gavana hakushughulishwa na ndoa za watu. Alishughulishwa na kanuni. Alielewa vyema kuwa mtu akikubaliwa kusema kwamba neno lililotolewa kwa vitisho halimfungi katika mke wake, kesho atasema halimfungi katika utawala pia. Na Malik naye alilielewa hilo, ndiyo maana hakuinyamaza Hadithi.

KAULI ZA MADHEHEBU

Maimamu watatu, Malik, Shafii na Ahmad, wamesema kuwa talaka ya mwenye kulazimishwa pasina haki haipiti, na kauli kama hiyo imepokewa kutoka kwa baadhi ya Sahaba, wakiwemo Ibn Umar, Ibn Zubeir na Ibn Abbas (r.a.). Hukumu hiyo hiyo wanaipitisha katika akdi nyingine, kama kuuza, kununua, kukodisha na nikahi.

Imam Abu Hanifa na wafuasi wake wamepita njia nyingine. Wao wamezigawa akdi na matamko sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni zile zinazokubali kuvunjwa, kama kuuza na kukodisha. Hizi zikifanywa kwa kulazimishwa huwa ni faasidi; aliyelazimishwa, hofu ikishamwondokea, ana hiari ya kuzivunja au kuzipitisha. Sehemu ya pili ni yale yasiyokubali kuvunjwa yakishatamkwa, kama talaka, nikahi na kuacha huru mtumwa. Haya kwao hupita hata kwa aliyelazimishwa.

Hoja yao si nyepesi, na mwanafunzi asiipuuze. Wanatofautisha baina ya hiari na ridhaa. Aliyelazimishwa, wanasema, ameletewa mambo mawili mabaya akachagua lililo jepesi. Basi hiari anayo, ila ridhaa hana. Na Sharia imeonyesha kuwa talaka haihitaji ridhaa ya matokeo yake, kwani Hadithi ya Abu Hureira (r.a.) iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi imefanya mzaha katika nikahi, talaka na kurejea kuwa sawa na kukusudia kweli. Mwenye mzaha hakuridhia, na bado limempata.

Wengine wakawajibu kuwa kuna tofauti baina ya wawili hawa. Mwenye mzaha alikwenda kwenye neno kwa miguu yake, akalichezea jambo la Mwenyezi Mungu, ndiyo akafungwa nalo kwa kumtia adabu. Ama mlazimishwa alisukumwa kwenye neno, na anayestahiki adabu ni aliyemsukuma. Kuipitisha talaka ya mlazimishwa ni kumpa dhalimu kile alichokitaka.

Imepokewa katika mlango huu habari ya mtu aliyeteremka kwa kamba kutafuta asali, zama za Sayyidna Umar (r.a.). Mkewe akasimama penye kamba akamtishia kuikata asipomwacha talaka tatu. Akamwacha, kisha akaenda kwa Umar, akaambiwa arudi kwa mkewe kwani hiyo si talaka. Wanachuoni wa Hadithi wamelizungumza sanadi yake, na iko riwaya nyingine iliyokuja kinyume cha hiyo. Tumeitaja ili ijulikane kuwa mwenye kulazimisha si lazima awe mtawala, wala si lazima awe mwanamume.

Na mtu asidhani kuwa Mahanafi walisema waliyoyasema kwa kuwaridhisha wafalme. Imam Abu Hanifa mwenyewe alipigwa na kufungwa kwa kukataa kulazimishwa ukadhi, akafariki mwaka 150 Hijria. Na as-Sarakhsi, aliyeandika kwa urefu mno juu ya ikrahi ndani ya al-Mabsut, aliimlia sehemu kubwa ya kitabu hicho akiwa kifungoni Uzjand katika karne ya 5 Hijria. Hawa walikuwa watu waliokijua kifungo kwa miili yao.

NI LIPI LINALOITWA KULAZIMISHWA?

Si kila dhiki ni ikrahi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika al-Minhaj ambacho ni katika vitabu vinavyotegemewa na Mashafii wa mwambao wetu, pamoja na wafafanuzi wake, wametaja masharti ambayo tunayafupisha hivi:

1. Mwenye kutisha awe na uwezo wa kulitenda analolitishia, ama kwa cheo au kwa nguvu.

2. Mwenye kutishwa awe hawezi kulizuia, si kwa kukimbia wala kwa kuomba msaada.

3. Awe anadhania kwa nguvu kuwa akikataa litatendeka, na liwe ni la karibuni si la siku za mbali.

4. Lenyewe liwe ni dhara la kweli, kama kipigo kikali, kifungo au kuharibiwa mali.

5. Isidhihiri dalili ya hiari. Aliyelazimishwa kutoa talaka moja akatoa tatu, ameonyesha kuwa ana lake.

6. Iwe ni pasina haki. Kadhi anapomlazimisha mdaiwa tajiri auze mali yake alipe deni, hiyo ni ikrahi ya haki na biashara yake ni sahihi.

Katika sharti la nne wamesema jambo lenye busara kubwa, nalo ni kuwa watu hawalingani. Mwenye heshima zake, kutwezwa mbele ya kadamnasi kunaweza kuwa ikrahi kwake, na jambo hilo hilo kwa mwingine lisiwe kitu.

Zipo pia sura za baina na baina. Mtawala amemtoza mtu fedha kwa dhulma, naye akauza shamba lake kwa mtu wa tatu ili apate kulipa. Hakuna aliyemwambia auze shamba. Mashafii katika kauli iliyo sahihi zaidi, na Mahanbali, wanaona biashara hiyo imesihi, ingawa Mahanbali wamechukia mtu kununua kwake. Ama Mamaliki, wao wanamwita huyu "al-madhghut", aliyebanwa, na katika madhehebu yao biashara hiyo haimfungi na anaweza kuirudisha mali yake. Khitilafu hii inatufundisha kuwa wanachuoni hawakuangalia mkono ulioshika upanga peke yake. Waliangalia pia anayenufaika na dhiki ya mwenziwe.

Katika madhehebu ya Hanafi nako kulikuwa na mabadiliko. Abu Hanifa alisema kulazimisha hakuwi ila kwa sultani. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wakasema kunaweza kutoka kwa yeyote mwenye uwezo wa kutekeleza. Mahanafi wenyewe wameeleza kuwa hiyo ni tofauti ya zama na si ya dalili: katika zama za Imamu, nguvu ilikuwa mikononi mwa sultani tu, baadaye kila mwenye kundi akawa sultani mahali pake.

KUTOKA ISTANBUL HADI MWAMBAO WETU

Dola ya Uthmaniya, iliyofuata madhehebu ya Hanafi, iliandika hukumu za miamala katika Majalla baina ya mwaka 1869 na 1876, kwa vifungu 1,851, chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha. Humo ikathibitishwa kuwa kuuza, kukodisha, kutoa zawadi, kukiri na kusamehe deni kwa kulazimishwa havizingatiwi, ila mwenyewe akivipitisha baada ya hofu kuondoka. Ama ndoa na talaka, mahakama ziliendelea na kauli ya Hanafi. Mpaka mwaka 1917, katika Sheria ya Familia, Dola ilichukua kauli ya Maimamu wengine na kutoizingatia talaka ya mlazimishwa. Katika Uturuki sheria ile haikudumu hata miaka miwili, lakini iliendelea kutumika katika baadhi ya nchi za Sham. Misri nayo, kwa Sheria namba 25 ya mwaka 1929, ilikataa talaka ya mlevi na ya mlazimishwa. Basi baada ya karne kumi na mbili, nchi za Kihanafi zilirudi kwenye fatwa ambayo Malik alipigwa kwa ajili yake.

Kwetu Afrika Mashariki, madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyotangaa, kwa hiyo fatwa hiyo ilikuwa yetu tangu mwanzo. Hata sheria za serikali zinakutana nayo kwa njia yake. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa katika nchi zetu zama za Waingereza na ambayo vifungu vyake vingi vimo mpaka leo katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, inampa aliyelazimishwa hiari ya kuuvunja mkataba, na hiyo inashabihiana na kauli ya Hanafi katika kuuza. Tena inataja aina nyingine, ile ya mwenye nguvu juu ya nafsi ya mwenziwe kuitumia nguvu hiyo kujinufaisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imeshurutisha ridhaa huru ya bwana na bibi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema vivyo hivyo.

Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja na kusimamiwa ni jambo jingine. Mwaka 1970 Zanzibar, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wajumbe wa Baraza la Mapinduzi, na habari yake ikaenea duniani. Katika ardhi iliyojaa vyuo na wanachuoni, hukumu ya Khansaa bint Khidaam ilikuwa inajulikana. Kilichokosekana hakikuwa elimu.

MJELEDI WA MOYO

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotufanya tuandike. Siku hizi ni nadra imamu kukuta mijeledi na pingu mbili zimewekwa sebuleni. Anachokikuta ni jamaa waliokaa mkekani, wazee wa ukoo, na mtu mmoja mnyonge katikati yao akiambiwa aseme "ndiyo".

Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), katika Ihyaa, alipowazungumzia mafakihi walioghurika, alitoa mfano wa mume anayemfanyia mkewe ubaya mpaka akabanika kifua, akamsamehe mahari ili aokoke naye. Fakihi wa dhahiri atasema mume ametakasika. Al-Ghazali akakataa, kwa kuwa aya ya 4 ya Suratun-Nisaa imeihalalisha mahari kwa mume pale tu nafsi ya mke inapoitoa kwa wema. Na mahali pengine akaeleza kuwa anayetoa mali yake kwa kuogopa aibu mbele za watu amepigwa moyoni, na hakuna tofauti mbele ya Mwenyezi Mungu baina ya mjeledi wa mgongoni na mjeledi wa moyoni. Wanachuoni wa Kishafii waliokuja baada yake, kama Ibn Hajar al-Haytami, wameinukuu maana hiyo, ikawa kanuni: kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu kwa aliyekichukua.

Tuchukue mifano mitatu tunayoiona.

Wa kwanza ni khului. Mwanamke anadhulumiwa, halishwi wala haachwi, mpaka anarudisha mahari ili apate talaka. Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwabana wanawake ili wawanyang'anye walichowapa (an-Nisaa, 19). Imam Malik katika al-Muwatta amesema ikijulikana kuwa mume ndiye aliyemdhuru, talaka imepita na mali itarudishwa kwa mke. Na katika vitabu vya Kishafii, mke aliyelazimishwa kwa kipigo ajivue, mali ile haimlazimu. Basi kabla imamu hajaandika kuwa mke "amejikomboa", ni wajibu aulize: amejikomboa kutokana na nini?

Wa pili ni mirathi. Baba amefariki, na mabinti wanaambiwa mbele ya kaka zao na wajomba zao wasamehe mafungu yao, wasiuze jina la baba. Binti anainamisha kichwa, na kuinamisha huko kunaandikwa kuwa ni kusamehe. Kusamehe kunasihi kwa mtu mzima, aliyejua fungu lake ni kiasi gani, na aliyetoa kwa moyo wake. Kusamehe kisichojulikana hakusihi katika madhehebu yetu. Na kusamehe mirathi kabla ya kufa mwenye mali si kitu, kwani haki yenyewe haijapatikana.

Wa tatu ni ndoa ya bikira. Ni kweli madhehebu ya Shafii yamempa baba na babu haki ya kumwoza bikira, lakini yameweka masharti: kusiwe na uadui baina yao, mume awe kufu yake na awe na uwezo wa mahari. Tena yamesema ni sunna kumtaka idhini. Na Mtume (s.a.w.) alimpa hiari binti bikira aliyekwenda kumlalamikia, kama ilivyo katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Dawud. Kunyamaza kwake kumefanywa kuwa idhini kwa sababu ya haya, si kwa sababu ya hofu. Mafakihi wamesema kuwa akilia kwa kupiga kelele au kujipiga usoni, kunyamaza huko si ridhaa. Mwenye kufungisha ndoa hawezi kulijua hilo akiwa msikitini na binti yuko chumba cha mwisho cha nyumba ya mtaa wa pili.

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu maimamu mambo machache yaliyo katika uwezo wao. Mwenye kutoa ridhaa aulizwe peke yake, au mbele ya mtu anayemwamini, si mbele ya anayemwogopa. Aelezwe anachokiacha, kwa jina na kwa kiasi. Apewe muda, walau siku chache, kwani mwenye haki hakimbii na siku hazimdhuru. Na imamu akiona alama za kulazimishwa, ainue kalamu yake. Watasema amewavunjia shughuli. Na waseme.

Yote haya yana asili katika kisa cha Thabit. Fatwa ya Ibn Umar, barua ya Ibn Zubeir, mkono wa Safiyya na kuhudhuria karamu, yote yalikuwa ni watu watatu wenye kusikika kusimama upande wa mtu mmoja asiye na nguvu. Hukumu ya ikrahi iliyomo vitabuni ni nzuri, lakini mnyonge haifikii peke yake. Humfikia kwa ulimi wa mwanachuoni, na kwa muhuri ambao amekataa kuupiga.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atufahamishe dini yake, atulinde na kuchukua cha mtu kwa upanga wa chuma au kwa upanga wa haya, awarehemu Maimamu wetu waliostahamili maudhi kwa ajili ya elimu, na atujaalie kuwa wenye kuisema haki kwa upole na bila hofu. Wallahu aalam.